Kusikia Kando

Neno la Kigiriki lilifika jikoni kwa mama mkwe wangu kabla ya taa ya karabai. Nasema hivi msomaji asije akadhani kwamba Uriri ya miaka ile ya sitini, bendera mpya ikiwa bado haijapauka, ilikuwa makao ya wasomi. Tulikuwa wakulima wa mahindi, mtama na karanga. Ila mchungaji wetu mpya alikuwa ametoka chuoni na kamusi nene ya Kigiriki kwapani, na mtu aliyehangaika kujifunza kitu kigumu hawezi kukaa nacho peke yake.

Mimi nilikuwa mgeni pale. Nilizaliwa Homa Bay, ufukweni kabisa, katika nyumba ambayo ukifungua mlango wa nyuma unakutana na nyavu zilizoanikwa. Nikaolewa Uriri na fundi seremala, kijana mpole kupita kiasi, aliyekuwa akipeleka viti na meza Isebania kuwauzia watu wa mpakani. Mama mkwe aliniita Nyar Nam, yaani binti wa ziwani, na jina hilo halijanitoka mpaka leo. Alinitania kwamba watu wa ziwani tunashika jembe kama kasia. Nikamjibu kwamba watu wa bara wanakula samaki kwa woga, kama mtu anayetafuta sindano kwenye nguo. Tulipatana tangu siku hiyo.

Shida yangu haikuwa mama mkwe. Ilikuwa jiko lake. Lilikuwa moja, nami nilipikia humo kama mtumishi mwenye adabu, huku moyoni nikitaka la kwangu. Nilitaka mlango wangu, mafiga yangu na lango langu mwenyewe, mahali ambapo nikiunguza ugali ni shauri langu. Tulikuwa bado tunaishi katika kijumba kilichojengwa karibu na lango la baba mkwe, kile ambacho kijana wa Kijaluo hukijenga akishakuwa mkubwa na ambacho kwa lugha yetu huitwa simba. Nilikuwa nikiwaambia wanawake wa kanisani kwamba nimezaa ndani ya simba na sikuliwa, lakini uvumilivu una mwisho.

Kwa desturi yetu, mtu hatoki tu akaenda kujenga. Baba yake humtoa. Baba hutangulia mbele, mwana akafuata na shoka, mtoto wa kwanza na jogoo, mke na moto wa kuwashia jiko jipya; mahali wanaposimama ndipo panapokuwa dala, yaani boma lao. Lakini mdogo hatoki kabla ya mkubwa, na mume wangu alikuwa wa pili. Kaka yake alikuwa ameondoka nyumbani kabla sijaolewa, akaenda Macalder kuchimba dhahabu, na tangu aende hakuna aliyemtia machoni.

Habari zake zilikuja kwa vinywa vya watu. Mmoja alisema amevuka kwenda upande wa Musoma. Mwingine, aliyerudi kutoka machimboni na kikohozi, alisema shimo liliporomoka na kaka yule alikuwa miongoni mwa waliofukiwa. Habari ya pili ilikaa zaidi masikioni mwa watu, kama ilivyo kawaida ya habari mbaya. Ndugu wa ukoo wakaanza kumshauri baba mkwe amhesabu mwanawe pamoja na waliotangulia, ili walio hai wajenge. Baba mkwe aliwasikiliza mpaka mwisho, akaendelea kusuka kamba. Kisha akasema, "Mkubwa hajajenga."

Hilo ndilo lililonichoma. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, anakaa benchi la mbele. Mwenyewe alikuwa amehubiri kwamba chira, ule ugonjwa wa kukonda unaosemekana humpata avunjaye mila, hauna nguvu kwa mtu aliyebatizwa. Arusi yetu ya kanisani, mdogo kumtangulia mkubwa, aliimeza bila maji. Siku za kupanda, ambazo kwa mila mkubwa ndiye hutangulia, alimwacha yeyote aanze. Lakini nyumba alikataa, na wala hakueleza. Sikio la kufa halisikii dawa, nilijisemea, nikasonga ugali kwa hasira.

Ningemwuliza mwenyewe, lakini hatukuwa tukizungumza. Si kwa ugomvi, kwa heshima. Kwetu mke wa mwana hampi baba mkwe mkono, hali chakula mbele yake, wala hakai naye uso kwa uso. Akiwa na neno nami, alisimama nje ya ukuta wa jikoni akamwambia mkewe kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, nami ndani, mwiko mkononi, nikapata ujumbe wangu. Nikiwa na jibu, nilimwambia mama mkwe kwa sauti iliyovuka ukuta. Mama mkwe alikaa katikati akichambua mboga, na wala hakujisumbua kurudia alichosema yeyote kati yetu. Ukuta ule wa udongo ulifanya kazi kuliko posta.

Ndipo mchungaji akatuletea neno lake. Alikuwa Mkuria wa upande wa mpakani, kwa hiyo yeye na sisi tulikutana katika Kiswahili, kila mmoja na chake. Darasa la akina mama lilikuwa mchana, baada ya shamba. Siku hiyo alikuwa anafundisha juu ya yule mtu wa kwanza wa bustanini, na namna mtume alivyoandika kwamba kwa uasi wa mmoja wengi waliingia taabuni. Akafunga kitabu juu ya kidole chake.

"Hii neno uasi, kwa Kigiriki iko tofauti," alisema. "Inaitwa parakoe. Para ni kando. Akoe ni kusikia. Kwa hivyo huyu mtu hakuanza kwa kuvunja sheria. Alianza na masikio. Mungu alisema, yeye akasikia kando."

Akapitisha mkono wake karibu na sikio, kama mtu anayefukuza inzi bila haraka. Akaeleza kwamba utii nao, kwa lugha hiyo hiyo, ni kusikia ukiwa chini, kama mtu anayeinama apate kukamata maneno yote. Mama mmoja akasema kumbe Wagiriki ni watu kama sisi tu. Kwake mtoto asiyetii huambiwa hasikii, na wala hapelekwi kwa daktari wa masikio. Tulicheka sana. Kufikia Jumapili neno lilikuwa limeenea Uriri nzima kama homa. Mume akiitwa alete kuni akajifanya amelala, mkewe aliwaambia majirani kwamba bwana ameshikwa na parakoe, aombewe.

Mimi sikulichukua kwa mzaha. Nilirudi nyumbani nimelishika kama mtu aliyeokota panga njiani. Mzee wa kanisa aliyeambiwa mila zimekwisha nguvu, na bado anangoja mila, huyo si ndiye anayesikia kando? Nikamwomba mchungaji aje azungumze naye.

Alikuja na wazee wawili wa kanisa. Niliwapelekea chai na karanga za kukaanga, nikarudi jikoni, ambako hakuna neno lililonipita. Mchungaji alizunguka kwa adabu, akaanza na mvua, akapita kwenye bei ya mahindi, mwishowe akafika. Alisema watu wanaona kiongozi wao bado anaogopa chira. Mmoja wa wale wazee, ambaye hakuwa na adabu ya kuzunguka, akasema ikiwa ni hivyo itabidi benchi la mbele apewe mwingine.

Baba mkwe aliweka kikombe chini. Kisha akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, polepole.

"Mchungaji, hiyo neno yako nimesikia. Si kando. Nimesikia katikati ya masikio. Lakini benchi ni ya kanisa. Mtoto ni yangu."

Wageni walimaliza chai, wakaomba, wakaondoka. Mimi nilibaki nikijiuliza ni mtoto gani. Yule aliyekuwa uani anapiga randa ubao wake alikuwa tayari kujenga hata kesho.

Jioni iliyofuata, kabla jua halijazama, nilisikia kikohozi nje ya ukuta. Mama mkwe akaacha kuchambua mboga.

"Mama," alisema baba mkwe, "humo ndani kuna mtu anafikiri naogopa chira. Mwambie siogopi. Lakini siku mdogo atakapojenga mbele ya mkubwa, watu wataacha kuniuliza habari za mkubwa. Watajua yamekwisha. Hata wewe utaacha kumwekea chakula."

Mama mkwe aligeuza shingo akatazama pembeni, palipokuwa na bakuli la udongo lililofunikwa kwa ungo mdogo. Kila jioni, tukishapakua, alitenga bakuli lile. Asubuhi chakula kilienda kwa kuku na bakuli likaja kwangu nilioshe. Nilikuwa nikiliosha tangu niolewe, nikinung'unika, nikidhani ni la mgeni wa ghafla, kwa kuwa mama mkwe alikuwa mkarimu hivyo. Kumbe mgeni wa bakuli lile alikuwa na jina, na alizaliwa katika nyumba ile ile.

Nilimwonea baba mkwe huruma mpaka nikamkasirikia. Hivi mtu hukaa na neno kama hilo miaka yote, akawaacha watu wamdhanie vingine? Lakini mimi si mtu wa kukaa na hasira bila kuitafutia kazi. Nikapaza sauti kuelekea ukutani.

"Mama, mwambie baba kwamba kama mkubwa hajajenga, basi aitwe aje ajenge."

Kamba aliyokuwa akisuka ilinyamaza. Kisha akauliza aitwe na nani. Lilikuwa swali zito, maana nilijua walivyoachana. Baba mkwe alikuwa ametaka mwanawe wa kwanza awe mwalimu. Kijana akataka dhahabu. Na siku ya kuondoka baba alisema mbele ya watu kwamba asirudi mpaka ajifunze kusikia, na mtu wa nyumba ile asimfuate. Mume wangu aliishika amri hiyo kama alivyoshika amri zote, na hakuwahi hata kuelekeza baiskeli yake upande wa Macalder.

"Amri ilikuwa juu ya watoto wake," nilimwambia mama mkwe kwa sauti. "Mimi ni mtoto wa watu. Wa ziwani. Na yule ni shemeji yangu, naweza kumtania popote alipo."

Mama mkwe akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika.

"Mama," alisema baba mkwe hatimaye, "mwambie sijasikia aliyosema."

Nikasikia hatua zake zikienda zizini. Nikaanza kutafuta nguo safi ya mtoto.

Mume wangu alinisindikiza mpaka barabarani, akaishia hapo, kama alivyoagizwa. Nilipanda lori lililokuwa likienda kuchukua pamba, mtoto mgongoni, kikapu cha mahindi ya kuchemsha mkononi. Macalder ilikuwa nyekundu kuanzia ardhini mpaka kope za watu. Kila hatua kulikuwa na shimo, na kando ya kila shimo wanawake walikuwa wakiponda mawe au wakisuuza udongo kwenye makarai, wakiyatikisa kwa ustadi mpaka maji yatoke na kitu kinachong'aa kibaki. Mara nyingi hakikubaki kitu. Watu walinitazama kwa wasiwasi nilipouliza. Machimboni mtu akitafutwa huwa hatafutiwi heri. Basi nikaacha kutaja nimtafutaye, nikawaeleza sura ya mume wangu: paji pana, sikio moja limejitokeza zaidi ya jingine. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiponda mawe akaweka nyundo chini.

"Hiyo sikio unasema," alinijibu, "iko ndani ya shimo hii."

Alikuwa mkewe. Akaita, na punde akapanda kutoka chini mtu mwekundu tupu, meno tu yakionekana, na alipocheka nilimtambua bila kuambiwa, maana kicheko kile nililala nacho nyumba moja. Nilimtania kwanza, kama desturi inavyoniruhusu. Nikamwambia kwamba kwa mtu aliyekufa amenenepa.

"Nimesikia hiyo, kwamba nilikufa," alisema. "Nikaona ni heri tu. Shemeji, nirudi nyumbani na nini mkononi? Dhahabu ndiyo hiyo hatuioni."

Binti yake mdogo alikuwa amekwisha kumchukua mwanangu, wanachezea kokoto. Nilimwonyesha.

"Rudi na hao," nilimwambia. "Kuna bakuli pale kwenu nimechoka kuliosha."

Ilibidi nimweleze habari ya bakuli. Nilipomaliza, aliniomba radhi akaenda upande wa pili wa lundo la udongo, na mkewe na mimi tukajifanya tunahesabu mahindi kikapuni.

Walikuja kabla ya mvua za kupanda, wakati watu wana nafasi ya kujenga. Baba mkwe alikuwa ameketi karibu na lango, anasuka kamba zake. Hakuinuka. Alimtazama mwanawe, akamtazama mke, akamtazama yule mtoto wa kike kwa muda mrefu kuliko wote.

"Umekawia," alisema.

"Nimekawia, baba."

"Chakula kipo."

Na kilikuwapo. Mama mkwe alileta bakuli lile lile mchana kweupe, akaliweka mbele ya mwanawe, akaketi chini akamwangalia anakula kana kwamba kula ni ufundi uliogunduliwa siku hiyo. Mimi nililia bila aibu, nikasingizia moshi, ingawa moto ulikuwa bado haujawashwa.

Nyumba ya mkubwa ilisimama kwa siku moja, kama ilivyo desturi. Wanaume walichimbia nguzo alfajiri, wanawake tukakandika udongo na kuimba, nyasi zikapanda paani jua likiwa bado juu. Usiku huo akalala humo na mkewe na binti yao. Baada ya hapo njia yetu ilikuwa wazi. Asubuhi ya zamu yetu mchungaji alikuja kuombea, na baba mkwe naye akaja na shoka. Wawili hao walisalimiana kwa heshima kubwa. Mchungaji akafumba macho akaomba kwa urefu nisiopata kuusikia kwake, akitaja mataifa na visiwa, na alipokuwa huko visiwani mume wangu alikabidhiwa shoka, na mwanangu, aliyekuwa bado anapepesuka kutembea, akapewa jogoo. Amina ilipofika tulikuwa tayari tumeshika njia. Nadhani mtumishi wa Mungu alisikia kando kidogo siku hiyo, na mimi sikumhukumu. Benchi la mbele halikutajwa tena.

Nikapata jiko langu. Siku ya kwanza niliunguza ugali, nikaula wote kwa furaha. Shemeji alirudi Macalder, maana ndiko alikokuwa amezoea kutafuta, lakini kila msimu wa kupanda alikuja na watu wake, na baba mkwe aliitunza nyumba ile asipokuwapo, aking'oa majani yaliyooza paani na kuweka mapya, na kumfukuza mbuzi yeyote aliyeisogelea.

Mchungaji hakuwa amemaliza na neno lake. Katika darasa moja, baada ya mavuno, alitueleza kwamba amelikuta tena mahali asipolitarajia. Ni pale Bwana alipokuwa akienda nyumbani kwa mtu aliyekuwa na binti mgonjwa, na watu wakaja njiani kumwambia baba kwamba mtoto amekwisha kufa, asimsumbue mwalimu. Pale, alisema mchungaji, limetumika lile lile. Bwana alisikia kando. Wapo wasemao kwamba aliyasikia tu maneno yakipita, na wapo wasemao kwamba aliyasikia vizuri akayaacha yapite, akamwambia yule baba asiogope. Mchungaji mwenyewe alikuwa amechanganyikiwa nalo. Sikukaa mpaka wimbo wa mwisho.

Nilimkuta mama mkwe jikoni kwake anabangua karanga. Nikaketi nikamsaidia. Nje ya ukuta nilisikia kamba ikisukwa. Basi nikamsimulia mama mkwe habari nzima, neno kwa neno, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika: wale waliokuja na habari ya kifo, na Bwana aliyeisikia akaiacha ipite, na jinsi neno lenyewe ni lile lile tulilokuwa tukiliita uasi.

Kamba ilinyamaza. Tulibangua karanga nyingi kabla hajasema.

"Mama," alisema, na sauti yake haikuwa kubwa safari hii, ilibidi tuinamie ukuta. "Mwambie Nyar Nam hivi. Walipokuja kuniambia mtoto amefukiwa, nilisikia vizuri. Nikaacha ipite. Na kila Jumapili, hapo kwa benchi, nilikuwa naomba msamaha. Nilidhani ninamwasi Mungu."

Nilijaza karanga mikononi mwa mama mkwe, naye akainuka, akampelekea nje.